Mkwe Wangu na Dakika Mbili za Filamu

Mke wa mwanangu ameona mianzo ya filamu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na miisho ameiona michache mno. Alipoolewa kwetu kazi yake ilikuwa kushika tochi kwenye jumba la sinema. Mtu akichelewa, taa zimeshazimwa, yeye ndiye anayemmulikia njia mpaka kwenye kiti. Wachelewaji wakiisha, filamu ndiyo inaanza kunoga, na hapo anatakiwa atoke nje akakae mlangoni, mwenye jumba asimkute amesimama anakodoa macho bure. Miaka yote ilikuwa hivyo. Akirudi nyumbani ananihadithia: mtu kaingia hotelini na begi, mhudumu anataka kulishika, yeye hataki. Namuuliza, ndani ya begi kulikuwa na nini?

"Sijui, Mama. Nilitoka."

Ukikaa mezani na mtu wa namna hiyo unaweza kumrushia kijiko.

Jumba lilifungwa, sasa wanauza magodoro humo. Yeye akaenda kiwanda cha mikate. Mwanangu ni dereva wa malori, nyumbani anakuja kama mgeni, tena mgeni wa kuja na nguo chafu. Mtoto hawakupata. Waliokuwa wanaulizauliza niliwajibu mimi mwenyewe, na hawajauliza tena. Kwa hiyo tumekaa wawili humu ndani, yeye na mimi, na nisiseme uongo, mwanamke yule si mvivu na si mnafiki. Kosa lake ni upole. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anaomba radhi.

Siku moja, mvi zimeshaanza kumchungulia, akaniambia anataka kwenda chuo kusomea filamu.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, utakaa darasani na watoto ambao ungeweza kuwazaa, na watakucheka.

"Wacheke, Mama," akasema. "Wakati wanacheka mimi nitakuwa nasoma."

Lile jibu lilinipendeza, lakini sikumwonyesha.

Bosi wake wa mikate alikubali kumpanga zamu za asubuhi tu, apate kwenda chuo mchana. Lakini alisema ni kwa mwaka huu, na mwaka ujao atampanga hivyo kama tu amepanda darasa. Akifeli, arudi zamu za mchana kama wenzake na asimletee tena habari za shule. Kwa hiyo kufeli kwake hakukuwa kama kufeli kwa wale watoto. Wao wakifeli wanarudia mwaka na wazazi wao wananuna kidogo. Yeye akifeli, basi, ni unga mpaka uzeeni. Hilo alilijua, mimi nalijua, na wale aliosoma nao walilijua pia, maana aliwaambia kwa mdomo wake. Nasema mapema ili mtu asije akawatetea.

Mwaka wa kwanza unamalizwa kwa kazi ya kikundi. Wanatengeneza mwanzo wa filamu ya kusisimua, ile inayomfanya mtu akae ukingoni mwa kiti. Mwanzo peke yake, dakika mbili. Niliposikia hivyo nikasema, haya, hiyo imeandikwa kwa ajili yako. Akacheka mpaka akajifuta macho.

Kikundi chenyewe kilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na kijana mrefu wa kofia, haivui hata mbele ya watu wazima, mwenyewe anajiita Dairekta. Kulikuwa na msichana mmoja wa miwani, ndiye mwandishi, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wa tatu mkwe wangu. Walikuwa wanamwita Shangazi.

"Shangazi wa nani?" nilimuuliza yule wa kofia siku ya kwanza walipokuja kupanga mambo kwenye meza yangu.

"Ni heshima tu, Bibi."

"Heshima ni kuvua kofia."

Akaivua. Kichwa chenyewe hata hakikuwa na cha kuficha.

Kupanga kwenyewe kulikuwa kelele. Dairekta alitaka gari lilipuke. Miwani akamuuliza gari la nani. Akasema tutaona. Basi, bastola. Bastola ya nani? Tutaona. Miwani naye akaleta lake: msichana anaota anaanguka, halafu anaamka, kumbe bado anaota, anaamka tena. Nikasema, huyo mpelekeni akapimwe homa.

Mkwe wangu alikuwa kimya anachorachora vijumba kwenye karatasi, ndivyo wanavyofundishwa, kila picha na kijumba chake. Mwishowe akasema, mimi ningeanza na mlango. Mtu anafungua mlango kwa ufunguo wake, anaingia, anavua viatu. Kwenye sakafu kuna mtu amekufa. Anamruka, anaenda kunywa maji.

"Halafu?" Dairekta akauliza.

"Halafu sijui."

Nikafumba macho. Lakini wale wawili wakasogeza viti. Miwani akasema nywele zimemsimama. Dairekta akakuna kidevu, akasema na yeye alikuwa anafikiria kitu kama hicho. Kesho yake, mkwe wangu mwenyewe aliniambia, alisimama mbele ya mwalimu akasema, "Wazo langu ni hili." Nikamuuliza, na wewe ulikaa kimya? Akasema si kitu, Mama, kazi ni ya wote.

Unaona upole ninaousema.

Siku ya kupiga picha walikuja mchana kweupe, wakachukua mablanketi yangu wakaziba madirisha ili iwe usiku. Mtu akipita nje atadhani kuna msiba au kuna wezi. Mti wa fagio langu ukafungwa kipaza sauti nchani. Kijana wa kofia ndiye mchezaji, Miwani ashike fagio, mkwe wangu ashike kamera. Maiti alikuwa awe mwanafunzi mwenzao wa kikundi kingine, na huyo mwenzao hakutokea. Wakasimama wananiangalia.

"Msinitazame hivyo," nikawaambia.

"Bibi, unalala tu," Dairekta akasema. "Unajifanya umekufa."

"Nikijifanya, na Mungu akakubali je?"

Mkwe wangu akasema, "Mama kama hataki tumwache." Kwa ile sauti ya mtu ambaye kazi yake yote imesimama kwa sababu yako. Nikalala. Nikaomba mto.

"Maiti halali na mto, Bibi."

"Maiti wa kwenu. Wa kwangu ana shingo mbovu."

Wakanikunjia kanga nyembamba, wakaificha chini ya kichwa.

Sasa nieleze hiyo kamera, maana yaliyotokea yalitokana nayo. Kifungo chake ni kimoja. Ukibonyeza inaanza kuchukua, ukibonyeza tena inaacha. Ikiwa inachukua, kitaa kidogo chekundu kinawaka mbele. Basi Dairekta kasimama mlangoni, kaona kile kitaa kinaonekana kwenye kioo cha kabati la vyombo. Akapiga kelele kwamba picha itaharibika, akamwamuru mkwe wangu akizibe kwa gundi ya karatasi nyeusi. Akakiziba. Kwenye kamera kuna maandishi pia ya kukuonyesha, lakini ni madogo kama mayai ya chawa.

Dairekta akapaza sauti, "Kamera!" Mkwe wangu akabonyeza. Dairekta akaangusha ufunguo, akasema ngoja, tuanze upya. Akaokota, akarudi mlangoni. "Kamera!" Mkwe wangu akabonyeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba ile ya kwanza haikuzimwa.

Basi kuanzia hapo mambo yakaenda kinyumenyume. Wakicheza, kamera imelala. Wakisema "Kata!", anabonyeza, kamera inaamka inachukua sakafu, viatu, ukuta. Mchana kutwa. Mtu anafungua mlango vizuri kabisa, anavua viatu, ananiruka mimi kama mfereji, na kamera haina habari. Na mimi pale chini ubavu umekufa ganzi.

Baadaye wakapumzika. Mkwe wangu akaiweka kamera mezani, akaingia jikoni kuwachemshia chai. Miwani akaegemeza fagio lake na kipaza sauti chake kando ya friji, na friji langu linanguruma kama mzee mwenye kifua. Mimi sikuinuka. Kuinuka kwangu ni safari, nikaona heri nibaki papo hapo mpaka wamalize.

Na wale wakasahau. Mtu umemlaza chini kutwa nzima unamwita maiti, mwisho unaamini. Wakakaa kwenye meza, wakasogeza vichwa, wakaanza kunong'ona, macho yao kwenye mlango wa jikoni.

"Jina lake tusiliweke," kijana akasema. "Mwalimu akiuliza, tunasema alikuwa anatusaidia kubeba viti."

"Lakini kamera si ameshika yeye?"

"Kushika kamera mtu yeyote anaweza. Alama zinagawanywa, tukiwa wawili tunapata zaidi. Wewe hutaki kupata zaidi?"

Yule msichana akatazama tena mlango wa jikoni. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kutoamsha mtoto, "Sawa."

Nilifumbua jicho nimwone vizuri anayesema sawa. Nikamwona. Nikalifumba.

Utaniuliza kwa nini sikuinuka nikawavurumishia viatu. Mkwe wangu alitoka jikoni na birika, uso umemng'aa, sijamwona na uso ule tangu jumba la sinema lifungwe. Akawamiminia. Akamwongezea yule kijana sukari. Nikaona nikisema nitauzima uso ule.

Siku ya pili yake alirudi kutoka chuo mapema kuliko kawaida, akakaa jikoni na mkoba bado begani.

"Mama, nimeua kazi ya watu."

Akanieleza. Walifungua kamera kwenye chumba cha kompyuta, wakakuta sakafu. Wakasogeza mbele, viatu. Wakasogeza tena, ukuta. Dairekta alimpigia kelele mbele ya darasa zima, akamwambia kamera si tochi, kisha akatoka anakimbia kwenda kwa mwalimu kuomba jina la Shangazi liondolewe kwenye kikundi kwa sababu ya uzembe. Kuonyesha kazi ni Ijumaa. Kurudia kupiga haiwezekani, kamera inatakiwa na kikundi kingine.

"Jina lako liliondolewa kabla hajaona sakafu," nikamwambia.

Akainua kichwa.

Nikamwambia yote. Nilivyolala, walivyokaa, alichosema huyu, alichojibu yule. Sikupunguza neno hata moja. Nilijua litamuuma, na nilitaka limuume, labda atapata meno.

Hakulia. Aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Walikuwa wamekaa upande gani wa meza?"

"Upande wa kabati. Kwa nini?"

"Na wewe ulikuwa nyuma yao, kwenye sakafu."

"Nitakuwa wapi tena? Nimekufa."

"Kamera niliiacha mezani, Mama. Ilikuwa imesemwa kata."

Akasimama. Mkoba hakuwa ameuvua, akatoka hivyohivyo. Na mimi nikatafuta viatu vyangu. Sikualikwa, lakini kwenye hiyo filamu nami nilikuwa na sehemu yangu.

Kwenye chumba cha kompyuta tulimkuta Miwani peke yake, kainama, macho mekundu. Alipotuona akataka kusimama.

"Kaa," nikamwambia.

Mkwe wangu akavuta kiti, akasogeza picha mbele, mbele, viatu, kuta, blanketi linapepea dirishani, mpaka akafika pale walipopumzika. Na kwa kweli hata mimi nilishtuka. Kamera ilikaa chini sawa na vikombe, imewatazama kwa chini. Vichwa viwili vimekaribiana, midomo inakwenda, macho yanaiba jikoni. Neno husikii. Unasikia kunong'ona, na friji linanguruma. Na nyuma yao, katikati ya mabega yao, sakafuni, yuko ajuza amekufa. Halafu ajuza anafumbua jicho.

Analitembeza. Anawaangalia. Analifumba.

 Yule msichana alikuwa anajitazama anavyosema "sawa". Akatia mkono kwenye kipanya.

"Naomba nifute," akasema. "Shangazi, naomba."

"Usifute."

"Kila mtu ataona."

"Ndiyo. Huu ndio mwanzo wetu."

Nikamvuta mkwe wangu pembeni. Nikamwambia, sasa mpini wa kisu umeushika wewe, weka jina lako peke yako, hao wawili watupwe huko. Akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Zile sura ni za nani, Mama? Si zao? Nikitoa majina yao nitakuwa nimefanya kama wao."

"Utakuwa umefanya vizuri kuliko wao."

 Akarudi kwenye kiti, wakaanza kukatakata na kuunga, yeye na yule msichana. Msichana anajua kompyuta, mkwe wangu anasema hapa fupi, hapa mwache atembee zaidi. Zile picha za kamera iliyoning'inia begani, viatu vya yule kijana vinavyopita karibu na mkono wangu, ndivyo vilivyokuja kwanza. Halafu ufunguo kwenye sakafu. Halafu blanketi. Halafu wao. Walibishana mara moja tu. Msichana alitaka muziki, mkwe wangu akasema friji linatosha.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kitenge nikakaa nyuma kabisa. Mwalimu wao ni mama wa makamo, mtaratibu, anasikiliza kabla ya kusema. Vikundi vilipita, bastola kila mahali, kijana mmoja alianguka kwenye ngazi, ikasikika wanamcheka nyuma ya kamera. Ilipofika zamu yao mwalimu akasema kikundi hiki nimeambiwa hakina cha kuonyesha, na kuna jina limeombwa litolewe.

Dairekta alikuwa amekaa mbele na kofia yake. Hakugeuka.

Mkwe wangu akasimama.  "Mwalimu, kipo," akasema. Akaipeleka kazi yao mbele.

Taa zikazimwa.

Wenyewe wanasema filamu ya kusisimua inapimwa kwa watu wasiokohoa. Basi hawakukohoa. Jicho lilipofumbuka, kuna binti mbele yangu alimshika mwenzake mkono. Kisha giza, kisha majina. Yote matatu. Mwongozaji, fulani. Mwandishi, fulani. Kamera, mkwe wangu, jina lake na la baba yake. Kwa chini wakaandika: Maiti, Mama yetu. Hilo sikuambiwa kabla.

Taa zikawashwa. Mwalimu alikuwa anamtazama Dairekta.

"Kofia," akasema kwanza. Akaivua. "Nimefurahi sana na pale mnaponong'ona. Mmecheza vizuri, nimewaamini. Mlikuwa mnasema nini?"

Kijana akaikunjakunja kofia mapajani. Shingo yake kwa nyuma niliiona inavyobadilika. Darasa zima linamsubiri. Mkwe wangu akageuka kunitazama mimi, macho yananiomba: Mama, usiseme. Ulimi wangu ulikuwa umeshasimama mlangoni. Nikauuma.

Aliyesema ni yule msichana. Alisimama, miwani kashika mkononi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika nyuma.

"Tulikuwa tunapanga kuondoa jina lake. La huyu aliyeshika kamera. Hatukuwa tunacheza. Na wazo la mlango lilikuwa lake, tangu mwanzo."

 Kisha akaongeza, "Na mimi nilisema sawa."

Mwalimu akavuta pumzi. Akamuuliza mkwe wangu, ulikuwa unajua? Akasema ndiyo. Ulijua, na bado ukaweka majina yao? Akasema, "Wao ndio wachezaji, Mwalimu."

Basi hapo watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha kumcheka yeye. Mwalimu akatangaza kwamba alama za kikundi hiki hatazigawa sawasawa, atampa kila mtu za kazi yake. Mkwe wangu amepanda darasa. Bosi wa mikate alionyeshwa matokeo, akakunja uso, akampanga asubuhi kwa mwaka mwingine. Msichana naye amepanda. Kijana amepanda kwa kuburuzwa, na hiyo ni kwa sababu kwenye picha anaonekana mwovu vizuri.

Miwani huwa anakuja nyumbani. Anaosha vyombo bila kuambiwa, nami namwachia. Hajaniomba radhi mimi, amemwomba anayehusika, na alimwomba mbele ya watu kama alivyomkosea nyuma ya watu. Salamu yake naipokea.

Yule mwingine alikuja juzi. Nilisikia mlango unagongwa, nikachungulia, yuko barazani, kofia mkononi, na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Mama yupo?"

Ameacha kuita Shangazi, nikaona. "Yuko kazini."

"Naweza kumsubiri? Nimekuja kumwomba msamaha. Na wewe pia, Bibi, kama utaniruhusu."

"Yeye atakusamehe," nikamwambia. "Ndivyo alivyo, hata chai atakupa. Mimi usinipotezee muda."

Akauliza tena kama anaweza kumsubiri ndani. Nikamwonyesha ngazi ya nje. Akakaa hapo, machungwa katikati ya miguu. Nilirudi ndani, nikamwona kwa dirishani anavyojifuta jasho, maana saa ile jua linapiga barazani moja kwa moja. Nikavuta pazia.